Vifuniko Viwili vya Kioo

Sogeeni hapa karibu na kichwa changu, wanangu, nyote wawili, maana sauti yangu leo haifiki hata mlangoni, na ninayotaka kuyasema sitayarudia. Wewe binti yangu mkubwa, acha kunipima mapigo. Umeyapima asubuhi, na uuguzi wako umeshakwambia jambo ambalo unaogopa kuniambia. Na wewe kitinda mimba, zima hiyo simu. Dirisha liacheni wazi kama lilivyo. Yule mama mnayemwona ameketi kwenye benchi pale nje, chini ya dirisha, nimemwita mimi, naye amekubali kuja kwa sharti moja tu, kwamba nisimwambie neno mpaka niwe nimewaambia ninyi kwanza. Basi msimuulize kitu wala msimpelekee chai. Mwacheni asikilize.

Ya mali hayana maneno mengi. Nyumba ni yenu wote, nusu kwa nusu, na atakayetaka kuuza amuulize mwenzake kwanza. Cherehani ya marehemu mama yenu, iliyowafanya mnuniane mwaka mzima kama wake wenza, nampa binti, kwa sababu yeye anajua kushona na wewe mwanangu uliitaka kwa ubishi tu. Hilo limekwisha, na sitaki kulisikia tena hata nikiwa kaburini. Siyo hayo yanayonizuia kuondoka.

Chini ya kitanda kuna kopo la biskuti. Litoeni, lifungueni, taratibu, kuna vioo. Mnaona vifuniko viwili vya visahani, kimoja kimeandikwa JOTO na kingine BARAFU, kwa mkono wangu, kwa kalamu ya nta. Na picha tatu. Mmekua mkinicheka kwamba baba yenu haandiki kwenye kifuniko cha kitu chochote, chumvi naandika kwenye kitako, sukari kwenye kitako, hata mama yenu siku moja akageuza kopo asome, sukari yote ikamwagika sakafuni, mkacheka mpaka mkalia. Leo nawaambia kwa nini.

Nilikuwa kijana wa miaka thelathini na mbili, fundi wa maabara katika jengo lile lile ambalo wewe mwanangu unafanya kazi sasa. Alikuwepo mtafiti mmoja, msichana, tulimwita Chiriku, kwa sababu alikuwa anaongea tangu anavaa koti jeupe mpaka analivua. Asipopata mtu, alikuwa anaongea na seli zake. Kazi yake ilikuwa vipokezi. Seli, binti yangu, ina utando unaoizunguka, na juu ya utando huo kuna vidude vinavyongojea habari kutoka nje. Homoni ikija na damu, haiingii; inakigusa kipokezi pale juu, nacho kinaipasha seli habari kwamba fulani amefika, fanyeni kazi. Ni kama kengele ya mlangoni. Baada ya hapo utando unabonyea, unakimeza kipokezi pamoja na homoni yake, na kinazama ndani kwenye kifuko kidogo. Sote tuliamini, na profesa wetu aliandika kitabu kizima juu yake, kwamba kipokezi kikishamezwa kimenyamaza. Kinapelekwa kuvunjwavunjwa, au kinarudishwa juu kungoja mgeni mwingine.

Chiriku akasema hapana. Alitumia rangi inayong'aa pale tu habari inapotolewa, akaosha homoni yote ya nje, akangoja, na ndani kabisa, karibu na kiini, vile vifuko vikaendelea kung'aa. "Nyumba imeimeza kengele," alituambia akicheka, "na kengele bado inalia humo humo ndani."

Profesa hakucheka. Alisema picha alizopiga Chiriku zimepikwa, akaitisha baraza lake saa nne asubuhi, na kabla ya hapo akaniita mimi, akaniwekea mkono begani, akasema jicho la fundi halina upande, rudia kazi yake, na ukishasema wewe nitaamini. Chiriku akaambiwa akae nje ya mlango wa chumba cha hadubini.

Sasa sikilizeni kosa langu lilivyokuwa dogo. Visahani viwili vya seli, vyote vimetiwa homoni. Kimoja kinabaki kwenye barafu, kwa sababu baridi haiiui seli, inaizuia kumeza tu, vipokezi vinabaki juu vilipo. Kingine kinakwenda kwenye kabati la joto nusu saa, ili seli zimeze. Nusu saa ikaisha, nikavitoa vyote, nikafunua vifuniko, nikaviosha visahani mara ya mwisho, nikafunika tena. Siku yangu ya kwanza kazini nilifundishwa: andika kwenye kitako, kifuniko hutembea. Mimi nilikuwa na haraka, niliandika kwenye kifuniko. Nikachukua kilichosomeka JOTO, nikakiweka chini ya hadubini, nikaona duara la mwanga ukingoni mwa kila seli na giza ndani. Kile cha BARAFU sikukiangalia. Cha nini? Nilijua kitakavyokuwa, na saa ilikuwa inakimbia.

Nikafungua mlango. Chiriku akaniuliza, "Kaka, umeona?"

Nikamjibu, "Sijaona kitu."

Baraza halikuchukua hata dakika kumi. Akaambiwa aondoke kabla ya chakula cha mchana, na profesa akanishika bega tena, akasema cheo cha fundi mkuu ni changu. Nikarudi kuosha vyombo. Kile kisahani cha pili, kabla ya kukimwaga, nikakitia chini ya lenzi kwa mazoea tu, na kila seli ilikuwa imejaa nukta za mwanga ndani, ndani kabisa, kama alivyosema. Chini ya kifuniko cha barafu. Seli za barafu hazimezi, wanangu. Nilikuwa nimebadilisha vifuniko.

Nikapiga picha tatu, ndizo hizo. Na nilipokuwa nazipiga, nikasikia viatu vyake kwenye ujia, amebeba boksi lake, vikafika kwenye mlango wangu, vikasimama. Niliona kivuli cha miguu yake pale chini ya mlango. Nikakishika kitasa. Neno moja tu lilitakiwa, na wakati huo nilikuwa nalo mdomoni. Sikukizungusha. Mama yenu alikuwa na mimba yako, binti, lakini usije ukaubeba mzigo huo, maana haikuwa sababu. Niliogopa kuonekana mjinga siku niliyoitwa hodari. Basi. Kivuli kikaondoka.

Kikaondoka mlangoni, wanangu, kikaingia ndani yangu. Tangu siku ile, nikiingia chumba cha baridi namsikia nyuma ya rafu, Kaka, umeona? Friji la nyumbani likiunguruma, namsikia humo. Usiku uliozaliwa wewe, binti, mkunga alikuinua akaniuliza, baba, umeona? Nikatoka nje nikatapika, na watu wakasema ni furaha. Mama yenu alitaka niende kuombewa. Sikumwambia kwamba aliyekufa tunamzika, lakini aliye hai, anayefundisha watoto wadogo kuhesabu mtaa wa pili tu hapo, utamzika wapi? Nilimkuta mara moja kwenye foleni ya mkate. Hakuwa anaongea na mtu. Chiriku, hana neno. Niliacha mkate nikarudi nyumbani.

Miaka kumi na moja baadaye watu wengine, mbali, wakaona alichoona yeye, wakasifiwa. Hata hapo ningeweza kusema. Ningeweza kusema siku yoyote. Mficha maradhi, kifo humuumbua, na changu ndicho hiki kimekuja.

Nipeni maji. Kidogo.

Nakuona unatazama sakafu, mwanangu. Kile kibao kwenye mlango wa chumba cha hadubini, chenye jina langu na maneno Jicho Lisilodanganya, najua unakifuta vumbi kila asubuhi, wenzako wameniambia. Kesho kakibandue. Mchana, watu wakiwa kazini, na kila atakayekuuliza mweleze. Picha hizo mpelekee mkuu wenu, umsomee niliyoyasema, uandikwe ukweli kwamba aliyeona kwanza ni nani. Watakucheka, mwanangu. Naiweka aibu yangu mabegani mwako, na hilo linaniuma kuliko kifua hiki. Nisamehe. Nilipenda sana ulivyokuwa unanitazama.

Binti, wewe... nikifa msinipeleke kwenye majokofu. Nizikeni siku hiyo hiyo, kungali na jua. Baridi haimalizi kitu. Inakisimamisha tu.

Nawaombea heri, nyote wawili. Mikono yenu isitetemeke. Mkikosea, mseme kabla mlango haujafungwa, na watoto wenu wawapende baada ya kujua, siyo kwa kutojua. Mungu awape usingizi, ule ambao mimi...

Niinueni. Wekeni mto hapa nyuma. Hivyo.

Vifuniko nipeni mimi, mkononi. Sasa mfungulieni. Hapana, binti, niache, nitasema mwenyewe. Ananijua sauti.

Karibu. Karibu ndani, dada.

Nimeona. Siku ile ile, dada... uliposimama pale mlangoni. Nilikuwa nimeona.