Jeremiah Obare na Ukuta wa Bucha ya Okemwa

Ko, ko, ko. Kabla ya kusema neno lolote mbele ya mchoro, Mzee Jeremiah Obare huugonga ukuta kwa kifundo cha kidole. Plasta iliyoshika hutoa sauti nzito. Iliyoachana na tofali hulia kama debe. Sauti hiyo haijaniacha tangu siku yangu ya kwanza kazini. Kwa miaka kumi na tisa ndiyo imewaambia wageni wetu kwamba matembezi yameanza. Tarehe 31 mwezi huu, Mzee Obare anastaafu.

Alianza kama mchoraji wa mabango ya maduka: vichwa vya saluni, samaki wa mikahawa, fahali wa bucha. Ofisi yetu ya Matembezi ya Kuta, inayowatembeza wageni kuona michoro ya mitaani, ilipofunguliwa Homa Bay, na baadaye Migori, hakukuwa na mwingine aliyejua nani alichora nini. Alipewa kofia, beji na ratiba ya saa moja na nusu. Kofia aliivaa.

Ratiba hakuifuata hata siku moja. Kule Migori aliwahi kuwasimamisha walimu kutoka Rongo nje ya kinyozi hadi mteja mmoja amalize kunyolewa, kwa sababu mteja huyo ndiye aliyechorwa ukutani na alitaka aonekane nadhifu. Mara ngapi nimemwomba aniandikie orodha ya michoro? "Andika wewe, Marion, una mwandiko mzuri," hunijibu, kisha anataja wachoraji watatu na kwenda kunywa chai. Amefunza waongozaji sita. Wote sasa huchelewa.

Makubaliano yake na wenye kuta hayakuwa na karatasi. Kila Januari alikwenda dukani, akakaa, akauliza habari za watoto, akaondoka. Na mchoro ukabaki mwaka mwingine. Kwangu mimi, niliyetoka chuoni na shahada ya utalii, hiyo haikuwa kazi. Miaka mitatu iliyopita, akiwa matangani Sindo, niliandika barua rasmi za kuomba ridhaa. Nilizipiga muhuri, nikaweka jina lake chini kwa kuwa ndilo wanalolijua, nikazigawa siku ya Ijumaa.

Barua ziliomba sahihi tu. Lakini mtaani kwetu karatasi yenye muhuri haisomwi hadi mwisho. Mtu anadhani anabomolewa duka, au anadaiwa na kaunti ada ya bango. Kufikia Jumatatu, wenye maduka watano walikuwa wamepaka kuta zao rangi nyeupe ili asiwepo wa kusema wana bango. Mmoja wao alikuwa Mzee Okemwa, rafiki wa Obare wa miaka thelathini. Fahali wa bucha yake, aliyechorwa na Obare mwenyewe, alitoweka chini ya rangi.

Obare aliporudi hakunigombeza, na hilo linanikera mpaka leo. Alizunguka duka kwa duka akisema, "Barua ni yangu. Jina si mnaliona?" Nilipotaka kusema ukweli alinikataza. "Wewe utafanya kazi na hawa watu miaka thelathini. Mimi nimebakisha mitatu."

Okemwa alimjibu mbele ya wateja: "Obare, miaka yote unakula matumbo hapa, leo unaniletea muhuri?" Tangu siku hiyo hajamsalimia.

Mtu mwingine angebadilisha njia. Yeye bado huwapeleka wageni pale pale, akaugonga ukuta mweupe na kumwelezea fahali kuanzia kwato hadi pembe, kana kwamba anamwona. Wageni hupiga picha za rangi tupu. Ndani, Okemwa hunoa kisu kwa nguvu zaidi, akijifanya hasikii. Mimi husimama katikati ya wazee hawa wawili nikiwa na beji shingoni na ukweli mdomoni. Nimechoka.

Kamati ya hafla ya kumuaga iliniomba wasifu wa kuchangamsha, na nimejaribu. Mzee Obare, asante kwa miaka kumi na tisa, kwa michoro zaidi ya sitini ambayo bado iko kwa sababu ulikaa na watu, na hata kwa saa zote ulizotuchelewesha. Tunakuombea afya, usingizi wa asubuhi, na siku zisizo na ratiba, ambazo tayari una uzoefu nazo.

Ila katazo lako sikulishika. Jumanne asubuhi nilikwenda buchani nikamwambia Mzee Okemwa kwamba barua niliiandika mimi, na jina lako nililiweka mimi bila wewe kujua. Alimaliza kukata mbavu.

"Huyo Obare ni mjinga kabisa," akasema mwishowe. "Hiyo hafla ni saa ngapi?"

Nimeshamwekea kiti, mstari wa mbele, kando ya chako.