Mahindi Ilikuwa ya Nani?

Sitaanza na wimbo. Najua hapa fellowship mtu akisimama kushuhudia lazima aimbe kidogo, lakini leo sauti imeisha na miguu pia, kwa hivyo mniwie radhi, niongee tu. Nimeandika mambo yangu kwa daftari nisije nikapotea. Mkiona naharakisha, ni tabia yangu. Mnanijua.

Mimi naandika hadithi za watoto. Wengine wenu ndiyo mara ya kwanza mnasikia. Nilianza nikiwa sekondari huko Wundanyi. Mwalimu mmoja alinipa ufunguo wa kabati la vitabu, nipange tu, nifute vumbi. Sikupanga. Nilisoma. Baridi ya kule mnaijua. Nilikuwa nakaa chini nyuma ya kabati, nimejifunika sweta mbili, mpaka kengele ya chakula inalia na siisikii. Siku moja nikafunga kitabu nikajiambia, na mimi nitaandika.

Nikamaliza fomu four, nikaja hapa Kaloleni kwa anti yangu, yule anayeuza njugu karibu na shule ya msingi. Nikaandika hadithi ya ndovu mmoja mpole. Anatoka porini, anaingia shambani, anakula mahindi anashiba, halafu anacheza na watoto mpaka jioni. Niliipenda hiyo hadithi, jamani. Nikaituma Nairobi kwa watu wa kuchapisha. Nikangoja. Wakajibu kwamba haifai. Nikatuma kwa wengine, nao wakakataa. Wa tatu mpaka leo hawajajibu, na simu yangu iko on.

Ndugu zangu, nawaambia, kuchoka kwa mwili ni afadhali. Mimi nilichoka ndani. Nikawa nalala mchana. Mlinipigia simu nije fellowship, nikazima. Wengine mlikuja mpaka mlangoni nikamwambia anti aseme sipo, na anti hajui kudanganya, akawaambia, "Amesema niseme hayuko." Mkacheka mkaenda. Mimi nililia.

Asubuhi moja anti akasimama juu ya kitanda changu.

"We msichana, hizi karatasi unazilalia za nini?"

"Sio za kitu."

"Kama sio za kitu, nipe. Sina za kufungia njugu."

Nikampa. Madaftari manne. Sikuangalia hata nyuma. Akaenda akachana, akakunja, akajaza njugu. Nikasema basi, imeisha, sasa nitafute kazi ya maana kama watu wengine.

Haikuisha. Wiki hiyo anti akarudi analalamika. Watoto wa shule wananunua njugu, wanakula, halafu wanarudi kumuuliza kama ana karatasi inayofuata. Wengine wanabadilishana pale kando ya barabara. "Wananichelewesha," anti akasema. "Kesho ukuje uwajibu mwenyewe, mimi nauza njugu, siuzi hadithi."

Nikaenda kwa hasira. Nimekaa tu hivi, akaja msichana wa darasa la nne, sweta ameifunga kiunoni, mkononi ana karatasi zangu tatu zimejaa chumvi.

"Anti, ni wewe uliandika hii ya ndovu?"

"Ni mimi."

"Ndovu akakula mahindi akashiba."

"Ehe."

"Mahindi ilikuwa ya nani?"

Nikamwambia, hii ni hadithi tu.

"Najua ni hadithi. Lakini ilikuwa ya nani? Sisi kwetu ndovu wakikula, hatuchezi."

Kitoto! Nilitaka kumfukuza. Lakini jibu nilikuwa nalijua. Mahindi ilikuwa ya nyanya yangu.

Mimi ni wa Makwasinyi. Nikiwa mdogo niliamka asubuhi nikapata nyanya amesimama katikati ya shamba, leso imelowa umande, na ndovu hakuacha hata mstari mmoja umesimama. Alikuwa anaokota mahindi machanga yaliyokanyagwa. Akaniambia, "Leta kikapu. Amekula kama mgeni asiye na haya, lakini ameacha kidogo." Tulichemsha hayo machanga, tukala siku tatu. Baada ya hapo sikumbuki tulikula nini, nakumbuka tu nyanya akisema ameshashiba, kila siku ameshashiba.

Na mimi, mjukuu wake, nikachukua ndovu huyo huyo nikamwandika kama mtu anayemwangalia kutoka kwa gari ya watalii. Nilidhani kitabu lazima kiwe hivyo. Niliona aibu, ndugu zangu, hata kuwaambia sasa naona.

Nikaanza hadithi upya, nikamtia nyanya ndani. Msidhani ilikuwa rahisi. Kila nikimaliza, yule msichana akitoka shule anapitia pale kwa anti, anakaa juu ya kreti, namsomea. "Hii nyanya yako anaongea sana." Nafuta. "Huyu ndovu sasa umemfanya mbaya sana, na yeye alikuwa na njaa." Nafuta tena. Nilikonda. Mara ya tano nikasoma mpaka mwisho. Akaomba aende nayo nyumbani akamsomee baba yake. Anti akachota njugu, akanyoosha mkono achukue hiyo karatasi akunjie.

Msichana akaificha mgongoni. "Hapana. Weka njugu kwa karatasi ingine."

Hapo ndipo nilipoinuka. Sio sana, lakini niliinuka.

Kitabu bado sina. Nimetuma tena na nangoja tena, na kungoja kunachosha vile vile. Lakini naamka asubuhi.

Namshukuru anti, aliyenitoa kitandani bila kunihurumia. Nawashukuru nyinyi mliokuja mlangoni mkafukuzwa mkacheka tu. Namshukuru huyo mtoto, simtaji, mwenyewe anajijua. Na nyanya, ambaye hakuwa ameshiba.

Kwa mwenye kuchoka hapa ndani, ninalo moja tu: kabla hujasema kitu chako ni takataka, angalia kama ulikifanya kwa ukweli. Mimi changu hakikuwa takataka, kilikuwa na uongo ndani. Uongo unatolewa.

Nimemaliza, naomba nikae. Mkitoka, njugu za anti ziko pale nje. Siku hizi anafungia kwa gazeti.