Soma-Chini Anastaafu Mara ya Tatu, na Safari Hii Haitwi Tena

Anaondoka. Barua imetiwa saini, muhuri umegongwa, na mimi mwenyewe nimeishika nikaisoma mara mbili kwa miwani. Tarehe thelathini mwezi huu, baada ya miaka thelathini na mitatu ya utumishi, binti yangu anastaafu katika ofisi ya vyeti vya kuzaliwa. Sasa naweza kuwasalimu: hamjambo nyote, wa madirishani na wa ghorofani.

Najua wapo wanaocheka chini chini, maana hii ni mara ya tatu anastaafu. Mara ya kwanza mlimkabidhi saa ya ukutani siku ya Ijumaa, Jumatatu mkamwita. Mara ya pili mlimkabidhi saa nyingine ya ukutani. Nyumbani kwetu hakuna anayechelewa tena.

Kamati ya sherehe imeniomba niandike wasifu huu kwa sababu mbili. Kwanza, nilifagia na kupika chai katika ofisi hiyo miaka kumi na tisa, kwa hiyo mimi ni mfanyakazi mwenzake. Pili, kila mwanakamati aliyeombwa kuandika alisema ana kikao. Shule yangu ni ya msingi tu, lakini mwandiko wangu ulisifiwa na mwalimu mkuu, na mkiona kosa humu mjue ni la mpiga chapa.

Binti yangu aliingia ofisini akiwa karani wa kupiga taipu, maneno sitini kwa dakika bila kutazama vidole. Msinibishie, nilikuwa nasimama mlangoni na ufagio nikihesabu. Siku hizo kumbukumbu zilikaa kwenye makabati, na panya walikuwa na maoni yao kuhusu nani alizaliwa na nani hakuzaliwa. Kompyuta zilipokuja, wakubwa sita walikwenda mafunzo ya wiki tatu wakarudi na mikoba. Binti yangu hakupelekwa. Alipata kitabu cha Java kisicho na jalada, akawa anakisoma saa ya chakula jikoni kwangu, kati ya birika na sinki. Mwaka wa pili haujaisha, wenye mikoba walikuwa wakimwita awawashie kompyuta.

Kwa asiyejua, nitaeleza kama nilivyoelezwa. Java ni lugha ya kuiamuru kompyuta. Kujenga mfumo mzima wa mtandaoni kwa lugha hiyo kuanzia msingi ni kazi ya miaka, basi mafundi huchukua kiunzi kilichokwisha tengenezwa na wenzao, kama mtu anayepewa nguzo na paa, yeye akatia kuta na milango. Raha yake, kazi inakwenda haraka. Karaha yake, mambo yakiharibika kiunzi kinalalamika kwa mistari mia mbili. Karibu yote inasimulia nani alimtuma nani, kama watoto waliovunja chungu. Mmoja tu, tena huko chini kabisa, ndio unaosema kilichovunjika.

Watu walisoma mstari wa juu, wakashtuka, wakatangaza mtandao umekatika. Ofisi ilikuwa hata na bango la kudumu, limefunikwa plastiki, MTANDAO HAUPO, likitundikwa dirisha namba tatu kwa kila ugonjwa, pamoja na siku ile mwenye dirisha alipokwenda kunyolewa. Binti yangu pekee ndiye aliyekuwa akishuka na kidole mpaka chini. Kila aliyemkimbilia alimjibu maneno mawili, “Soma chini.” Ndipo akapata jina Soma-Chini, na mimi nikawa Mama Soma-Chini, jina ambalo silikatai.

Iliyompa sifa hasa ni kesi ya saa tano. Mfumo ulikuwa ukifunguliwa asubuhi unakimbia kama swala, ikifika saa tano unaganda. Wakubwa waliketi vikao vinne. Kikao cha nne kiliamua mtambo umezeeka, ukaletwa mpya, mkubwa kama kabati la nguo, na mgeni rasmi akakata utepe. Siku ya kwanza mtambo mpya uliganda saa sita badala ya saa tano, na taarifa ikaandikwa kuwa hayo ni mafanikio.

Soma-Chini aliisoma mistari hadi mwisho, kisha akaja jikoni akicheka. “Mama,” aliniambia, “ni habari ya vikombe vyako.” Nikaelewa hapo hapo, bila kwenda mafunzo. Jikoni tulikuwa na vikombe kumi na viwili. Kila ofisa alichukua kimoja hakurudisha, na ikifika saa tano birika limejaa chai, kikombe hakuna, ofisa mzima anasema chai imekwisha. Mfumo nao ulikuwa na njia chache za kwenda kwenye ghala la kumbukumbu. Kila ombi lilichukua njia, na likikumbwa na kosa katikati liliondoka bila kuirudisha. Njia zikiisha, kila mtu anasubiri. Dawa ilikuwa mistari miwili tu: ukimaliza rudisha, hata kama umekosea. Ule mtambo mpya leo umewekewa ua juu yake, na ua linastawi.

Kuna na wale wataalamu wa kukodiwa, wenye tai. Kila walipoambiwa kitu hakifanyi kazi walijibu, “Kwenye kompyuta yangu inakubali.” Binti yangu aliwauliza kama wananchi wote wapange foleni kwenye hiyo kompyuta yao. Siku ya kuondoka walisahau kubadilisha faili la mipangilio, kwa hiyo mfumo ukawa unasoma ghala la mazoezi badala ya ghala la kweli. Asubuhi ile baba mmoja alirudi dirishani na cheti cha mwanawe kilichosema mtoto anaitwa Jaribio Jaribio, kazaliwa tarehe moja mwezi wa kwanza kwa wazazi Jaribio na Jaribio. Yule baba, mtu wa watu, alisema jina hana ubaya nalo, ila alileta maombi ya mapacha. Soma-Chini alibadilisha neno moja kwenye faili, mambo yakakaa sawa. Wataalamu walituma cheti cha kujipongeza.

Sasa nije kwa mwenzake wa chumba kimoja, fundi mtu mzima mwenye wajukuu, ambaye ofisi nzima inamwita Zima-Washa. Kila ugonjwa kwake ulikuwa na tiba moja, na tiba yenyewe ni jina lake. Siku moja aliuwasha mfumo wakati ule wa mwanzo bado unakwenda. Wa pili ukakataa, ukisema mlango wake umeshakaliwa na ule wa kwanza. Akauwasha wa tatu. Hata alipopona tabia hiyo, kila asubuhi lazima auzime mfumo na kuuwasha tena, eti kwa ajili ya afya yake. Binti yangu alimpenda kama mdogo wake, lakini ndiye aliyekuwa akimzuia kustaafu. Mkurugenzi alisema wazi: bila mtu wa kusoma chini, Soma-Chini haendi popote.

Na sisi tuna safari. Dada yangu mkubwa, ambaye kwa binti yangu ni mama mkubwa na ndiye aliyemlea nilipougua, ana miaka tisini na moja, anaishi mwendo wa siku mbili kwa basi. Tangu mwaka juzi anauliza, “Yule mtoto anakuja lini, au anasubiri kuja kunizika?” Binti yangu alipostaafu mara ya kwanza tulikwisha kaa kwenye viti vya basi, mizigo iko juu, gari la ofisi likaja likasimama mbele ya basi. Alishuka, mimi nikaenda peke yangu. Dada yangu aliniangalia, akatazama nyuma yangu mlangoni, akasema, “Haya, karibu wewe.”

Mwezi huu Mkurugenzi akatoa sharti. Mfumo ukienda siku kumi za kazi bila Soma-Chini kugusa kibodi, anatia saini barua. Akigusa, anatia saini mkataba wa mwaka mmoja. Siku tisa zikapita salama. Siku ya kumi, Alhamisi, nilikuwa kwenye benchi la wananchi na karatasi za kitukuu changu, nimefika mapema niwe wa tatu. Saa mbili na nusu Zima-Washa akazima mfumo kwa ajili ya afya yake. Haukuwaka.

Saa tatu kasoro robo foleni ilikuwa imefika nje kwenye ngazi. Karibu yangu alikaa mama mmoja ambaye mwanawe angepoteza nafasi ya shule kama cheti hakijafika kabla ya saa sita, na alikuwa akilia bila sauti. Mkurugenzi akashuka na mkataba mkononi, kalamu imeshafunguliwa. “Dada,” akamwambia binti yangu, “watu wanaumia. Gusa kidogo tu.” Binti yangu alikuwa kwenye kiti chake ameikalia mikono. Alimtazama yule mama, akauondoa mkono mmoja. Mimi namjua, hajawahi kumwacha mtu dirishani. Nilijua safari imekufa.

Mkurugenzi akamgeukia Zima-Washa. “Na wewe, si uzime tu uwashe?”

Zima-Washa hakumtazama. “Subiri, Mkuu. Nasoma.”

Alishuka na kidole kwenye kioo mstari kwa mstari, midomo ikicheza. Binti yangu hakumwambia neno, ingawa ninaapa aliuona mstari ule kabla yake, kwa sababu aliurudisha mkono chini ya paja. Kidole kilipofika mwisho, Zima-Washa akavua miwani. “Ghala la kumbukumbu limekataa nywila. Imebadilishwa jana jioni, na mfumo haukuambiwa.”

“Nani kabadilisha?” Mkurugenzi akauliza, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayetafuta wa kumfukuza.

Miaka yote Zima-Washa angesema ni mtandao. Safari hii akaonyesha ukutani. “Waraka wako, Mkuu. Namba kumi na saba. Nywila zote zibadilishwe kabla ya kufunga ofisi. Haukusema nani auambie mfumo.”

Mkurugenzi aliusoma waraka wake kama mara ya kwanza. Nywila mpya ilikutwa kwenye bahasha ndani ya droo yake mwenyewe, imeandikwa SIRI KUU. Zima-Washa akaiweka kwenye faili la mipangilio, akawasha, na saa tatu na dakika kumi dirisha namba moja lilifunguka. Yule mama wa shule alikuwa wa kwanza, maana tulimpisha sote. Anashuka ngazi anakimbia, binti yangu bado amekaa juu ya mikono yake, machozi yanamtoka, anacheka. Mkurugenzi aliukunja mkataba, akaegemea kaunta, akatia saini barua. Kisha akauliza kwa upole kama maswali ya dharura yanaruhusiwa kwa simu. Zima-Washa ndiye aliyejibu, “Hapana, Mkuu.”

Kwa niaba ya ofisi, nikiwa mstaafu mwenzake, namshukuru Soma-Chini kwa watoto wote wa nchi hii wanaoitwa majina yao halisi. Namshukuru na Zima-Washa, ambaye sasa inabidi atafutiwe jina jingine. Wewe binti, utumishi wako umetosha na umezidi. Tunakuombea asubuhi zisizo na haraka, magoti yasiyouma, na usingizi wa mtu asiyedaiwa jibu.

Mabegi yako sebuleni, tiketi mbili ninazo mimi, na dada yangu ameambiwa, akajibu ataamini akimwona. Basi letu ni la Jumatatu alfajiri. Kumuaga ni kabla ya hapo, katika ukumbi wa ghorofa ya pili, chakula napika mimi, na hakuna udhuru wa kikao: Jumamosi, tarehe mbili mwezi ujao, saa nane mchana.