Esteri, Vibrafoni na Ngoma Kubwa

Tarehe 30 Juni mwaka huu Mwalimu Esteri Niyubahwe anastaafu, baada ya miaka thelathini na mitatu ya kufundisha muziki katika chuo chetu cha walimu hapa Kasulu. Anayeandika ni mimi, mama yake mzazi, niliyekuwa mpishi wa chuo hikihiki. Kamati ya chuo ilitafuta mwandishi anayemfahamu vizuri. Sasa nani anamfahamu kunizidi?

Kazi yake ilianza na vibrafoni, iliyoletwa kutoka Kibondo juu ya lori la maharage. Ni vyuma vilivyopangwa kama kinanda, chini yake mabomba, na mota ya kuzungusha visahani ndani ya mabomba ili sauti itetemeke. Mimi sikuambiwa ni nini. Nilianika dagaa juu yake, na ibada ya kwanza ya chuo baada ya hapo ilinukia mboga.

Kabla Esteri hajaigusa, Mzee Nduwayezu akakataza. Huyu alikuwa mwenyekiti wa kamati, na ni mwenyekiti mpaka leo, yeye hastaafu. "Kinachopigwa kwa fimbo ni ngoma, Mama Esteri, na kwetu mwanamke hapigi ngoma." Nikamwambia, "Ngoma ina ngozi, mzee. Ingia chini uitafute." Akaingia kweli, na suti yake. Akatoka na vumbi, akatangaza kuwa hicho ni kinanda.

Basi mwanangu akapiga "kinanda" miaka yote hiyo. Darasani alifundisha kuwa ni ala ya kupigwa, ndugu yake ngoma; mbele ya kamati alinyamaza. Akili hiyo ameirithi kwangu. Hata vichwa vya fimbo zake nilivizungushia mimi, kwa nyuzi za sweta langu. Mwaka mmoja umeme ulikatika katikati ya mahafali, mota ikazima. Esteri akaendelea, watu wakatetemeka wenyewe. Walimu aliowafundisha wako Busunzu mpaka Kagerankanda, na hakuna hata mmoja anayefundisha wimbo akiwa ameketi, maana yeye hupiga amesimama.

Chuo kilimuuliza anataka zawadi gani. Hakutaka godoro wala kitenge. Alitaka kupiga ngoma kubwa, ile yenye ngozi, mara moja tu kabla hajaondoka. Mzee Nduwayezu akajibu kuwa kamati itatafakari. Inatafakari tangu Pasaka, na mwanangu ameacha kuuliza.

Lakini mzee, kuandika ratiba ya leo ulinipa mimi. Baada ya sala ya kufungua: Mwalimu Esteri, ngoma kubwa. Nakala mia mbili zimeshachapwa, na moja unayo mkononi.

Asante, mwana wanje, mwanangu mimi, kwa kazi yako. Ukapumzike kwa afya, ushibe, ulale mpaka jua likuamshe. Ila kwanza simama, upige.