Safu ya Mama Daftari

Tarehe 30 Juni Mama Daftari anastaafu, baada ya miaka thelathini na mmoja katika chumba cha kumbukumbu za wagonjwa. Alitaka kumaliza thelathini na tatu, lakini ameambiwa nafasi yake haipo tena. Mwandishi wa wasifu huu ni fundi wa kompyuta wa hospitali, na ndimi niliyesababisha nafasi hiyo ifutwe, kwa hiyo msitarajie uchangamfu mwingi.

Alianza na majalada ya karatasi, kwenye chumba chenye dirisha moja lisilofunguka. Kompyuta zilipoletwa aliyahamisha yote mwenyewe kwenye lahajedwali, na kwa kuwa hakuna aliyemwelekeza, kila mgonjwa alimjaza katika safu moja: jina, mtaa, simu, vyote vimebanana. Wakubwa walimcheka miaka kumi. Hata hivyo hakuna mgonjwa aliyewahi kupotea mikononi mwake, na daktari bingwa mwenye mwandiko mbaya alikuwa akipita mlango wa nyuma ili asikutane naye.

Mwaka jana niliagizwa kuitenganisha safu hiyo. Niliandika msimbo wa kompyuta unaotafuta ruwaza, yaani mpangilio unaojirudia: neno la kwanza ni jina, linalofuata ni la ukoo, tarakimu za mwisho ni simu, kilichobaki ni mtaa. Mistari elfu arobaini ilikatwa kwa sekunde sita, nami nikavimba kichwa. Kesho yake akanionyesha wanawake mia nne na kumi na wawili ambao jina lao la kwanza ni Mama, na la ukoo ni la mtoto wao. Majibu ya vipimo vyao yangeishia kwenye majalada ya watoto.

Hakunicheka. Alivuta kiti, na kwa wiki tatu akanitajia kasoro moja baada ya nyingine, kuanzia mapacha wenye simu moja hadi mitaa iliyobadilishwa majina. Kila alichosema nilikigeuza kanuni. Mstari unaoanza na Mama haukukatwa tena. Ulikwenda safu ya pembeni niliyoiita Aulizwe Mama Daftari.

Niliandika kwenye ripoti kwamba mfumo umekamilika. Maneno hayohayo yalikuwa kwenye barua ya kumwondoa. Sikufungua mdomo kumtetea, na hilo linaniuma mpaka leo.

Wiki hii orodha ya wastaafu ilipitishwa kwenye msimbo uleule ili kuchapa vyeti. Utawala ulimwandika Mama Daftari, tunavyomwita sote. Hakuna aliyejisumbua kutafuta jina lake. Vyeti saba vilitoka, cha nane hakikutoka. Nilimkuta kwenye safu ya pembeni, chini ya wagonjwa kumi na wanane ambao hajaulizwa habari zao tangu aanze likizo ya mwisho kabla ya kustaafu.

Cheti chako, mama, nimekiandika kwa mkono. Jina lako kamili nimelipata katika jalada la karatasi ulilolipanga mwenyewe. Asante kwa kunifundisha kazi iliyokugharimu kazi yako. Tunakuombea afya na mapumziko ya kutosha. Na Jumatatu tukikupigia simu, una haki ya kutopokea.