Penye 'Kazi' Aliandika 'Analea'

Ndugu waombolezaji, nani kati yenu ana kitambulisho cha kazi mfukoni? Msijibu, na wale wanaopima kwa macho uchochoro wa kutokea waendelee kuupima, maana marehemu mwenyewe wiki yake ya mwisho kila usiku alikaa hivyo hivyo, uso mlangoni, akisikiliza kama ni lori.

Marehemu Mzee Leodegar Chilumba alizaliwa tarehe 14 Machi 1924, Lukuledi, wilaya ya Masasi, akasoma shule ya misheni Ndanda toka 1933 hadi 1937, darasa la nne, akatoka na mwandiko ambao hata sisi wa Chuo Kikuu, Mlimani, tunauonea wivu. Mwaka 1946 aliajiriwa reli, hapa hapa Gerezani, na tarehe 6 Septemba 1952 akafunga ndoa na Benedikta, aliyetangulia mbele ya haki mwaka 1978, nao hawakujaliwa mtoto wa kuzaa.

Reli ilimhamishia Kigoma mwaka 1958, na mwaka 1966 akaiacha akaenda kufuatilia sokwe, milimani kando ya ziwa, kazi ya kutembea nyuma yao toka wanapoamka viotani mpaka wanapotandika vingine jioni, na kuandika nani kala nini, nani kambeba nani. Huku mjini walimcheka, "Yaani Mzee ulikuwa unalipwa kuangalia nyani wakijikuna?", naye akijibu, "Si nyani, ni sokwe, na mimi nilikuwa naangalia yatima."

Hilo ndilo alilolijua kuliko profesa yeyote aliyenifundisha, kwamba sokwe mdogo akifiwa na mama huchukuliwa na dada au kaka, mara nyingine hata na dume lisilo ndugu yake, akabebwa mgongoni, akasubiriwa njiani, akalazwa kiota kimoja na mlezi wake, ila ambaye hajatimiza miaka mitatu, bado anataka ziwa la mama, huyo mara nyingi hufa hata akibebwa na ukoo mzima. Alikuwapo mmoja wa miaka minne hivi, marehemu alimwita Uwesu, akilelewa na dada yake, Sabaha. Mwaka 1973 majangili walimchukua Sabaha, Uwesu akabaki chini ya mti wenye kiota chao, wenzake wakipita, wakimgusa, hafuati, hali, na siku ya kumi na moja marehemu alimkuta amekufa, akaandika tarehe daftarini, na chini yake, "Niliogopa tangu siku ya kwanza."

Mwaka 1977 aliteleza gengeni akavunjika mguu, akarudi Gerezani. Tarehe 9 Juni 1982, katika nyumba tuliyopanga, chumba cha pili, alifariki Candida, mama wa Hyasinta, binti wa miaka kumi na saba, na Pius, wa miaka miwili na miezi minne. Hyasinta alimfunga mdogo wake mgongoni kwa kanga ya mama yao, marehemu akawachukua wote wawili kuwa wanawe, na akafungua daftari jipya: "Saa 12.40, kabebwa. Uji vijiko vitano." Mwanamkuu, muuza mihogo wa chumba cha uani, akamwambia, "Baba we, mtoto wa watu unamwandika kama sokwe?", naye akajibu, "Mwanangu, ninachokiogopa ni kile kile." Pius alipotimiza miaka mitatu, mzee alinunua halua akagawa nyumba nzima, akalia mbele za watu.

Oktoba mwaka huu, 1983, ikaja Nguvu Kazi, na mjumbe wetu wa nyumba kumi, Bwana Mbaruku, akapita na fomu, kila mtu aandikwe kazi yake, asiye na kazi apelekwe akalime. Nyumba nzima ilidanganya. Huyu mpwa wake anayewasomea, mwenye digrii na asiye na ajira, aliandikwa karani wa duka la Awadhi, very productive citizen, wakati hata kalamu ya dukani hajaishika. Ila mzee, penye jina la Hyasinta, aliandika kwa mwandiko ule mzuri: "Analea." Mbaruku alimsihi, "Mzee wangu, andika mshonaji, andika chochote!", akajibiwa, "Mjumbe, nimeangalia miaka kumi na moja, mwenye kazi kuliko wote ni yule aliyembeba yatima." Fomu ikaenda hivyo.

Jumamosi tarehe 5 Novemba, saa nne asubuhi, Mnazi Mmoja, msako wa wasio na kazi ulimkuta Hyasinta na Pius mgongoni, mwenye orodha akamuuliza, "Binti, kazi yako?", akageuza mgongo, "Hii hapa." Walicheka, wakampandisha. Lori likiwa limeshawashwa, akamwona Mwanamkuu na beseni lake, akafungua kanga akamshusha mtoto, "Dada, mpokee, hajala!"

Marehemu alikuwa na presha, daktari alishamkataza kutembea, lakini alitembea, Mnazi Mmoja, Feri, kila palipotajwa kuwa na malori, akiuliza kwa heshima, akijibiwa "Nenda nyumbani, Mzee", na jioni anarudi kumwandika Pius: "Siku ya tatu, kijiko kimoja. Siku ya tano, maji tu, kakaa mlangoni." Tarehe 12 Novemba, siku ya saba, saa kumi na moja alfajiri, moyo wake ulisimama, daftari likiwa kifuani.

Familia inamshukuru daktari aliyetuambia ukweli kwamba dawa hakuna, majirani waliochanga unga wakati wao wenyewe wanaupangia foleni, wazee wa reli waliobeba jeneza, na Mwanamkuu, ambaye tangu Jumamosi ile ameacha mihogo na anashinda na Pius mapajani akimbembeleza na uji anaoutema.

Mjomba, lala salama, daftari lako tunaliendeleza sisi.

Na wewe Bwana Mbaruku, uliyebeba fomu, na yeyote aliyetumwa kuja kutusikiliza hapa, andikeni haya nanyi: leo ni Jumatatu, siku ya tisa, kijiko nusu. Ya kumi na moja, ile ya Uwesu, ni keshokutwa. Dereva wa lori lile anajua alikomshusha Hyasinta, basi kamchukueni, mleteni hapa mlangoni kabla ya Jumatano.