Kipimo cha Mke Mwenza

Kwenye feri ya Likoni, mama mmoja wa Kinango alimpakata bintiye Husna, mwenye mrija kichwani unaoteremsha maji ya ubongo hadi tumboni.

"Mrija ukiziba wajuaje, dada, na daktari yuko ng'ambo, Mombasa?" bwana aliyeketi kando alimuuliza.

"Kila asubuhi nyanyake humwita mke mwenza. Akimrudishia utani, mrija ni mzima. Leo amenyamaza, ndipo tukatoka mbio."

"Utani si kipimo, dada!"

Mimi, ajuza niliyestaafu yote isipokuwa umbea, nikamwinamia mtoto. "Hujambo, mke mwenzangu?"

Husna akafumbua jicho moja. "Bwanangu hataki kibogoyo!"

Feri nzima ilicheka, naapa hata injini.

"Basi mrija mzima, rudini nyumbani," bwana akasema.

"Si umesema utani si kipimo?" mama akamjibu, na feri ikagusa Mombasa.